Kichwa Nilichonyoa Mume Akiwa Hai

Macho yalirudi kuwa meupe, mkojo ukaacha kufanana na chai ya rangi, nikadhani nimepona. Mganga wa zahanati aliniambia virusi vimeingia kwenye ini, huenda kwa maji ya kijito, maana tangu wakimbizi wafurike tulikuwa wengi mno kwenye kijito kimoja. Hakuna sindano, alisema. Pumzika, mwili utarudi wenyewe.

Ulirudi bila magoti. Nikiinua jembe kidogo tu, mapaja yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Kisha nywele zikaanza kutoka. Nikiamka, zimebaki kwenye khanga niliyolalia. Mama mkwe aliokota kifungu cha nywele mlangoni, akakitazama, akakitupa motoni. Tangu siku hiyo kikombe changu kikawekwa peke yake.

Kagera hii, mwanamke akikonda na nywele zikamtoka, nani atasubiri kipimo? Tumezika sana. Nimemaliza kidato cha nne, nikawaeleza: hili ni ini, virusi vyenyewe ni vingine, si vile vya Ukimwi. Wifi yangu akacheka.

"Shule imekupa jina zuri la ugonjwa."

Mume wangu alikuwa kambini kwa wakimbizi akishusha magunia ya mahindi. Walipompelekea habari, alijibu kwamba mama ndiye anajua. Mama ndiye anajua! Basi mama akaamua: mtoto aachishwe ziwa abaki kwao, mimi nirudishwe kwetu Nyamiaga nikafie huko.

Kichwa kilikuwa mabaka matupu, kinatia kinyaa. Nikachukua wembe, nikanyoa chote. Nilitaka kionekane kisafi, basi. Lakini kwetu mke hunyoa akishamzika mume, na nilijua, ila hasira na kuwashwa havikunipa nafasi ya kufikiri. Mama mkwe alitoka jikoni, akaniona, akashika kichwa.

"Unamzika mwanangu anapumua?"

"Mama, nywele zilikuwa zinatoka zenyewe."

"Zingetoka zenyewe! Wembe nani alikutuma?"

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaondoka. Hakunishika. Alichukua kitenge cha kubebea mtoto, akakitupia begani, akanifuata.

Mlima wa kwenda kwetu naujua tangu utoto, nilikuwa naukimbia na ndoo ya maji kichwani. Siku hiyo ulinila. Nikisimama, anasimama. Nikikaa kwenye jiwe, naye anakaa, mbali kidogo, akinyoosha kile kitenge magotini kama anayepiga pasi. Alikuwa anasubiri nianguke, amchukue mjukuu wake mgongoni mwangu kama unavyochukua mzigo kwa punda aliyelala.

Mzee mmoja aliyekuwa akitoka sokoni alituona, kichwa changu kiking'aa juani, na yule mama nyuma amenuna. Akavua kofia.

"Poleni sana. Mmefiwa na nani?"

"Bado," akasema mama mkwe.

Yule mzee akatupisha haraka, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

Sehemu ya mwisho nilitambaa. Sioni aibu kuiandika. Magoti yalikataa, nikatumia mikono, mtoto akicheka mgongoni akidhani ni mchezo, na nyuma nasikia ndala za mama mkwe: pa, pa, pa. Mama yangu alitukuta njiani, akanyanyua mtoto kwanza, halafu mimi.

Mama mkwe alikataa maji, akakataa kiti.

"Mtu wenu huyu hapa," alimwambia mama. "Mtoto bado ananyonya, siwezi kumwachisha kwa nguvu. Siku akiacha, nitamfuata."

Akakunja kitenge chake vizuri, akateremka.

Nywele zimeota, laini kama za kichanga na si nyeusi kama za zamani. Magoti bado. Mtoto anakimbia, anatukana, ana meno ya kunitoa damu, na mimi bado namnyonyesha. Majirani wananicheka. Wacheke. Ziwa la kulia limeshakauka, na la kushoto asubuhi hii lilitoa kidogo sana.