Masika na Maji ya Jirani

Masika wa Kituku alikuwa fundi wa mitumbwi, na mutu asimucheke kwa kuwa ni mwanamuke. Bwana yake Adalbert alipokufa, watu walingoja auze nyundo. Alinunua ingine.

Pale Kituku fundi akimaliza mutumbwi, haushushi ziwani papo hapo. Anauweka juu ya magogo, kwenye mawe meusi ya volkano, unajazwa maji ndani, na watu wanainama kutazama chini yake. Panapotoka maji, ndipo na ya ziwa yangeingilia. Na anayemwaga si mwenye mutumbwi. Anaitwa fundi jirani, maana mwenye kazi haoni vizuri kasoro yake.

Jirani alikuwa muzee Bulonza. Lakini tangu mitumbwi ya plastiki ianze kuvuka mupaka, Masika alikuwa anamwaga maji mwenyewe. Ile ya plastiki ilikuja na bei ya chini mno, kwa sababu huko inakotengenezwa serikali inawabebea mafundi wake sehemu ya gharama. Wa Kituku walibebewa na nani? Walifunga mumoja mumoja, wakabaki wawili, Masika na Bulonza. Na Bulonza, ili apate kula, akaanza kuuza plastiki mbele ya shantie yake, pale alipokuwa anaunda mitumbwi. Masika akaacha kumusalimia.

Sasa Cyprien, seremala wake, akamuletea habari.

"Mama, serikali inataka kutusaidia. Itanunua mitumbwi ya mbao kwa ajili ya wavuvi, na mbao zetu zinazotoka Masisi hazitalipishwa kodi."

"Waje basi. Niko hapa."

"Hawanunui kwa mutu mumoja. Wanataka kikundi. Ni wewe na muzee Bulonza."

"Heri nichome hizi mbao nipike maharagi."

"Utakula hayo maharagi, mama. Na mimi? Kazi ikiisha hapa, naenda kuuza plastiki."

Masika alikaa kwenye ukingo wa mutumbwi wake mupya, lami ikinuka vidoleni. Ile plastiki haikutengenezwa na Bulonza. Huyo muzee alitangulia tu kushikwa na njaa.

Kesho yake alishika ndoo amwage mwenyewe, akaiweka chini, akaenda kwa jirani.

"Weye, Bulonza! Hiyo mikono ingali inabeba ndoo, ama plastiki imeilegeza?"

Muzee aliinuka polepole. "Nilifikiri umekuwa bubu."

"Nilikuwa nachagua maneno."

"Miaka yote hii, na ukachagua hayo?"

Lakini alikuja. Akamwaga taratibu, ndoo kwa ndoo, kisha akainama. Karibu na mukia wa mutumbwi tone lilitokeza, likavimba, likaanguka.

"Unavuja, mama Masika."

Cyprien alitazama pembeni. Masika alitaka kusema ni jasho la mbao tu. Neno lilifika mudomoni, akalimeza.

"Basi ondoa ile plastiki mulangoni kwako," alisema, "uje na patasi na pamba tuzibe. Watu wa serikali wakifika, watukute wawili."