Sinia la Bibi na Mpelelezi wa Mjomba

Mjomba wangu anaandika riwaya kwa mdomo. Yaani yeye anasema, mimi ndiye ninayeandika. Kila nikiamka nakuta simu imejaa voisi zake, ndefu, na katikati ya kila moja anafukuza kuku, kisha ananiambia, "Hiyo usiiandike, mwanangu." Macho yake hayawezi tena herufi ndogo, na katika ukoo mzima aliyeonekana hana kazi ni mimi, eti kwa sababu nina kompyuta. Basi nimekaa hapa Dar, kazi ya mshahara inaningoja, nachapa habari za Wembe.

Wembe ni mpelelezi wa kujitegemea. Koti jeusi, njiti ya kiberiti mdomoni, bastola kiunoni, hacheki. Polisi wakishindwa anaitwa, na asipoitwa anakuja hivyo hivyo. Hapigi hodi, anavunja mlango kwa teke. Mahakamani hampeleki mtu, hukumu anaitoa papo hapo. "Polisi wanangoja kibali," anasema kwenye sura ya kwanza, "kibali changu mimi ni kiatu." Haya, nikachapa. Sura ya pili maiti mbili, nikachapa. Sura ya tano Wembe kajilaza mtaroni kutwa nzima akimvizia mlanguzi, na koti halikuloa. Nikachapa, nikajinyamazia.

Juzi ikaja sura ya tisa. Wembe anaingia nyumbani kwa mjane mmoja, muuza vitumbua, katika mji wa pwani ambao mjomba kabadilisha herufi mbili tu za jina lake, kama vile sisi wengine ni wajinga. Chumbani anakuta sinia la shaba lililoibwa. Mjane anapiga magoti, analia, anakiri. Kumbe ndiye mkuu wa genge.

Nikaondoa mikono kwenye kompyuta. Jamani, mjomba! Hilo sinia nalijua. Nimelisugua utoto wangu wote.

Ngoja nikueleze, maana nikikaa nalo peke yangu nitapasuka. Nililelewa Bagamoyo kwa bibi, mama yake mama yangu na huyo mjomba. Bibi alikuwa na sinia la shaba, pana, watu sita wanakaa kulizunguka wakala bila kugongana viwiko. Lilitundikwa jikoni kwenye msumari wake. Kulisugua ilikuwa kazi yangu: limau na majivu, majivu na limau, mpaka nione meno yangu humo ndani. Ukiwa na mchubuko kidoleni, limau lilikukumbusha. Bibi akija kulikagua hakusema vizuri wala vibaya, alilitundika tu, nami nikajua nimefaulu.

Ramadhani ndiyo ilikuwa siku zake. Kabla ya magharibi bibi alilijaza mihogo ya nazi, tambi, na samaki wa kukaanga, akalifunika kwa kawa la ukindu, likaenda kwa jirani. Na kwetu chombo kilicholeta chakula hakikurudishwa kitupu. Hilo hukufundishwa, ulikua ukiliona. Kilirudi na tende kidogo, au ndimu mbili, au hata kisamvu cha kutwanga, ilimradi kisirudi kikavu. Na kama mtu mkono wake ulikuwa mtupu, alikaa nacho mpaka apate. Hukwenda kukiulizia. Kukiulizia ni kumwambia mtu kwamba unajua hana kitu, na bibi angenifinya mpaka nitie akili.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mjane, hana mtoto, anapika vitumbua barazani kwake. Mimi niliamshwa na harufu ya iliki kabla ya adhana kuniamsha. Ukimkuta anakigeuza kitumbua kwa kijiti chake, mkono wake ukizungukazunguka kama hauna mfupa, ungeweza kusahau umetumwa nini. Vilivyovunjika hakuuza, alitugawia watoto tuliosimama na vibakuli. Bibi alimpenda. Waliongea juu ya ukuta wa uani kila siku, na sijui walikuwa wanaongea nini, maana nikikaribia tu waliniuliza kama nimeteka maji.

Na mjomba? Mjomba alikuwa kijana mkubwa, nguvu zote, kazi hana. Kazi yake kulala barazani na riwaya za upelelezi za kuazima, zilizolegea kurasa. Alianza na njiti ya kiberiti. Kisha akanunua koti jeusi la mitumba, zito, lenye bega moja lililoliwa na nondo, akalivaa Bagamoyo, kwenye jua lile! Jasho lilimtiririka mpaka viatuni. Bibi akamuuliza kama anaumwa.

Siku yenyewe, Idd ilikuwa imepita kitambo. Bibi alikwenda Kaole kwenye hitima, akaaga kwamba alasiri atakuwa amerudi. Mjomba akaingia jikoni kutafuta kiporo, akainua macho. Msumari mtupu, na yeye ndiyo kwanza anauona.

Ungemwona! Uso uling'aa kwa furaha kama mtu aliyeletewa mchumba. Akaanza na mimi. "Jana ulikuwa wapi?" Chuoni, mjomba. "Nani shahidi?" Mwalimu. "Mwalimu naye alikuwa wapi?" Akapima dirisha la jikoni kwa shubiri. Akanusa msumari, wallahi akaunusa. Kisha akasema jirani siku hizi macho yake hayatulii. Mimi nikamwambia tumngoje bibi. Akanitazama kwa huruma, kwamba mtoto wa kike nitajua nini mambo ya upelelezi.

Akatoka, akapita katikati ya wateja, akaingia nyumbani kwa mjane bila hodi. Mwanamume mzima! Kwa mjane! Bila hodi! Hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Akatoka na sinia, limefungwa kwenye kanga safi, akaifungua kanga mbele za watu, na sinia lilikuwa linang'aa kuliko nilivyowahi kuling'arisha mimi.

"Mwizi wenu huyu hapa!" akapaza sauti, njiti mdomoni.

Yule mama hakupiga magoti wala hakulia. Alisimama na kijiti chake mkononi, akasema, "Mwanangu, mngoje mama yako."

Ndilo neno alilosema, hilo tu. Mjomba hakungoja. Akainyanyua ndoo ya unga wake uliokwisha kuumuka, unga wa siku nzima, akaumwaga njiani. Hiyo ndiyo hukumu. Unga mweupe ukatiririka mpaka kwenye miguu ya wateja, kuku wakaja, na watoto wenzangu wakacheka kwa sababu hawakujua wafanye nini.

Alasiri bibi akarudi, habari kazipata njiani. Hakuvua hata baibui. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akapiga hodi, akasimama mlangoni mpaka akakaribishwa. Halafu akatoka naye nje, kamshika mkono, watu wakiwa wamejaa.

"Sinia nilimletea mimi," bibi akasema. "Na futari ndani yake, kwa mikono yangu, kwa mlango wa uani. Kuna mwenye swali?"

Yule mama akasema, taratibu, "Nilikuwa nangoja nipate cha kutia, bi mkubwa." Kwa hiyo akalazimika kuusema umaskini wake njiani, mbele ya watu, kwa sababu ya mtu mwenye koti. Bibi akamgeukia mwanawe. "Ulishindwa kuningoja mpaka alasiri?"

Kesho yake asubuhi hodi ikapigwa kwetu. Sinia limerudi, kawa juu, limejaa vitumbua. Alitoa salamu, akaliweka, akaondoka. Bibi alikula kimoja huku machozi yanamtoka. Mjomba alijifunika shuka gubigubi akasema ana homa.

Unadhani jina lilisafika? Thubutu. Wanawake wale wale waliomsikia bibi kwa masikio yao waliwatuma watoto wakanunue vitumbua mtaa wa pili. Si kwamba wanaamini, walisema, ila basi tu. Haukupita muda mrefu yule mama akafunga mlango, akahamia kwa kaka yake, Mapinga. Bibi akalisugua sinia mwenyewe safari hii, akamwambia mjomba, zamu ni yetu, jaza umpelekee wewe. Mjomba akasema wiki ijayo. Bibi kafa, Mungu amrehemu, wiki ijayo haijafika.

Nikampigia simu. "Mjomba, yule mama hajaiba!"

"Riwaya inataka mwizi, mwanangu."

"Yuko hai. Yupo Mapinga mpaka leo."

"Yeye hasomi riwaya."

"Majirani zake wanasoma!"

Akaniambia sielewi sanaa. Jumamosi nikaenda Bagamoyo, nimefura. Nyumba ya jirani haipo, wamezungusha mabati, na getini wameandika mbwa mkali. Mtaa mzima hukuti harufu ya iliki. Siku hizi ukiletewa chakula kinakuja kwenye kibakuli cha plastiki, ukimaliza unatupa, hakuna anayesubiri chochote kutoka kwa mwenzake. Wanasema ni raha, hakuna usumbufu. Mimi nautamani usumbufu ule mpaka nakereka.

Sinia nililikuta uani, limefunika pipa la maji, kijani kwa kutu, kuku kalala juu yake. Nikamfukuza. Nikaomba limau, nikachota majivu, nikachuchumaa mtu mzima na nguo zangu za safari nikaanza kusugua. Mjomba alikaa kwenye kiti akinitazama.

Nilipoyaona meno yangu nikalisimamisha mbele yake. "Sura ya tisa siichapi," nikasema, "mpaka hili lifike Mapinga. Limejaa. Na unalibeba wewe."

Nilijiandaa kwa ubishi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Mtu ambaye Wembe wake kavunja milango minane mpaka sasa, nimeihesabu kwa sababu nimeichapa.

"Nikipiga hodi," akasema, sauti ndogo, "asiponiitikia je?"

"Utasimama hapo hapo mlangoni na sinia lako, mjomba. Utangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alasiri."