Chupa ya Shabani Mkata Vimeo

Niliwahi kummeza kinyonga aliyejificha kwenye mchicha. Akakaa tumboni mwangu siku tatu akibadilika rangi, na mimi nikibadilika naye. Siku ya kijani mume wangu alinipita shambani asinione. Sikutapika. Nimetapika mara moja tu katika umri wangu huu, siku nilipoiona chupa ya Shabani.

Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, karatasi yake imebanduliwa. Ndani vilikaa vinyama vidogo vilivyokauka, kimoja juu ya kingine, vyeusi, vimekunjamana. Vimeo vya watoto. Kimeo ni kile kinachoning'inia mwisho wa koo. Ukipanua mdomo mbele ya kioo utakiona kinacheza. Shabani alikuwa akivikata, na akishavikata anaviweka. Mgeni akifika anaitikisa ile chupa, inalia kama njuga, naye anatabasamu kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

Shabani nimekua naye kilima kimoja, juu ya Soni. Kijana mpole, mbeba matenga ya pea, hana mke, nyumba ya nyasi. Mjomba wake alikuwa mkata vimeo kule Mnazi, tambarare. Alipokufa alimwachia waya uliopindwa na kisu kilichochongwa kwa kipande cha panga. Shabani akavifunga kwenye kitambaa, akapanda navyo mlimani, akakaa mwaka mzima bila mteja. Wa kwanza kumpelekea mtoto ni mimi.

Nassoro wangu alikuwa na miaka minne na maneno yake hakuna aliyeyaelewa ila mimi, na mimi nusu yake nilikuwa nabahatisha. Nikamshika kichwa kwa mikono hii. Shabani alifuta kisu kwenye suruali yake, ile ile aliyoingia nayo zizini asubuhi, akatia vidole viwili kinywani mwa mwanangu, kucha zimejaa udongo wa viazi. Damu ikaja na mate na kamasi, ikanimwagikia mapajani ingali moto. Kile kinyama kikaanguka chini, jogoo akakiwahi. Ndiyo maana cha Nassoro hakimo chupani.

Mtoto akalala na homa wiki tatu. Hata yale maneno yake mabovu hakuyasema tena. Majirani wakaja kuuliza. Ningewaambia nini? Kwamba nimempeleka mwanangu kwa miguu yangu akachinjwe bure? Nikasema, "Jioni ile ile aliomba makande, akayataja kwa jina." Wakashika midomo. Na mimi nikiona watu wameshika midomo siwezi kunyamaza. Kesho yake nikaongeza kwamba aliita mbuzi wote, mmoja mmoja. Hadithi ilipofika Lushoto mjini, Nassoro alikuwa ameshamsahihisha mwalimu wa madrasa.

Kusema kweli Nassoro alisema vizuri akiwa na miaka saba, polepole, bila kisu cha mtu.

Lakini hadithi ilikwishatoka. Ndiyo iliyompatia Shabani mke, na bati juu ya nyumba. Kina mama walipanda mlima na watoto mgongoni: huyu hasemi, huyu anakohoa, huyu anasema kama ana kiazi mdomoni. Wote Shabani aliwapanua midomo. Mtoto wa Amina wa bondeni alivuja damu siku mbili, ya tatu akazikwa. Watu wakasema siku zake zilifika. Mimi nilikwenda msibani, nikala wali wao, nikanyamaza. Kinyonga hakunitapisha, lakini wali ule mpaka leo unanirudi.

Miaka thelathini na minne imepita. Nassoro sasa ana binti, Rahma, wa miaka sita. Akili kama wembe, ila sauti ya k kwake inatoka t, na g inatoka d. "Bibi, tutu ameindia jitoni!" ananiambia, nami najua ni kuku, nachukua mwiko. Shuleni wenzake hawakuchukua mwiko, walicheka. Siku moja akarudi, akakataa kusema kabisa.

"Jumamosi nampeleka kwa Mzee Shabani," akasema Nassoro.

Nikasimama mbele yake. "Usimpeleke."

"Mama, si mimi nilikatwa nikasema jioni ile ile? Umenisimulia mwenyewe tangu nipate akili."

"Nilikuwa naongopa."

Alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Juzi ulisema ulimmeza kinyonga. Sasa nichukue lipi, niache lipi?"

Nikamlilia anipe muda. Akanipa mpaka pea ziishe mitini.

Nikamshika Rahma mkono mpaka Lushoto, kwenye kliniki anakokuja binti mmoja wa Kilutheri, Yusta, mtaalamu wa matamshi ya watoto. Akaniamkia shikamoo vizuri, akapima masikio ya mtoto, akaangalia mdomo.

"Bibi, kimeo chake kizima, ulimi mzima, anasikia. Sauti ya k hutengenezwa nyuma ya mdomo, yeye anaitengenezea mbele. Tutamfundisha ahamie nyuma."

"Kwa kisu?"

"Kwa kusema."

"Na kupuliza mabua? Na kulamba asali puani? Shabani huwafanyisha baada ya kuwakata."

"Akipuliza mabua atakuwa hodari wa kupuliza mabua. Wamelichunguza jambo hilo kwa watoto wengi, Bibi. Kusema kunafunzwa kwa kusema."

Nikamchukia kidogo. Hakuwa na hadithi hata moja.

Alikuwa na picha. Kaa la moto hili, taa hii. Mtoto anaomba picha, wewe unampa alichokitamka, si alichokitaka. Rahma alitaka kaa, akasema "taa," akapewa taa. Akanuna. Akasema tena "taa," akapewa taa nyingine. Mara ya sita alisogeza kitu huko nyuma ya koo, ikatoka k, chafu, imejaa mate, lakini k. Akapewa kaa lake akacheka.

"Mara mia kila siku nyumbani," akasema Yusta. "Na kila mara uandike, amepata au amekosa."

Mimi na kalamu hatujaamkiana bado. Nikachukua maharage: jekundu amepata, jeupe amekosa, yote kwenye kopo. Siku ya kwanza mekundu yalikuwa manne. Mkono uliniwasha niongeze ishirini, wallahi. Nassoro akachungulia.

"Maharage ya Mama, hata haya yatakuwa yametiwa chumvi."

"Basi hesabu wewe!"

Akahesabu yeye. Kila jioni, mikono ina udongo wa kabichi, anamwaga kopo mkekani. Wiki ya tatu mekundu yakawa thelathini na moja. Wiki ya tano, sitini na nane. Yusta yeye hakutosheka. Akamwuliza Rahma maneno ishirini ambayo hatukuwahi kumfundisha. Siku ya kwanza kliniki alimwuliza hayo hayo, hakupata hata moja. Sasa akapata kumi na moja. Nassoro nikampa hesabu hiyo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Pea zikaisha. Jumamosi Shabani akapanda mwenyewe, kitambaa kwapani.

"Onga makeo, Mama Nassoro," akaniamkia kwa Kisambaa. "Nimeambiwa kuna mgonjwa."

"Hakuna mgonjwa. Rudi."

Nassoro akamwamkia, akampa kigoda, akauliza kama mtu anayepima kamba: "Mzee, wale uliowakata ili waseme, wangapi wamesema?"

"Wote! Wewe hapa unaniuliza kwa mdomo gani? Muulize mama yako."

Rahma alikuwa mlangoni, amefumba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikamwangalia yeye, si wao.

"Nassoro hakusema jioni ile," nikasema. "Wala wiki ile. Alisema baada ya miaka mitatu. Makande niliyatunga. Mbuzi niliwatunga. Mwalimu wa madrasa sijui nani alimwongeza, lakini mimi nilimkubali."

Shabani akaweka kitambaa chake chini.

"Mimi siku ile nilirudi nyumbani nikalia," akasema. "Nilidhani nimeua. Baadaye nikasikia amesema. Nikasema basi, Mungu amenipa mkono." Akaninyooshea kidole, kile kile kilichoingia kinywani mwa Nassoro. "Ulinidanganya?"

"Nilikudanganya."

"Au unanidanganya sasa? Wewe mama ni mwongo tangu tukichunga mbuzi!"

"Usiniamini. Kaa hapo uhesabu."

Nikamwaga maharage. Rahma akakitazama kile kitambaa, akaondoa mikono mdomoni, akaanza. Kaa. Kuku. Koti. Nassoro anasikiliza, Shabani anatia maharage kwenye kopo kwa vidole vile, na mimi nameza mate machungu kila vikigusa kopo la mtoto. Mia zikaisha. Mekundu sabini na mawili. Shabani akahesabu mara ya pili, yakawa yale yale.

Nassoro akachukua kitambaa chini, akakikaza fundo, akamtia Shabani mkononi.

"Nenda salama, mzee."

Hakunywa chai. Lile kopo nilililoweka kwa majivu, kisha nikalitupa.

Msidhani aliacha. Wiki iliyofuata nilipita kwake, mwanamke anatoka, kanga imelowa damu, mtoto anakoroma mgongoni. Hadithi yangu inatembea bado, ina miguu kuliko mimi. Basi kila Jumamosi nashuka, nakaa kwenye benchi lake la nje. Mke wake amenimwagia maji ya vyombo mara mbili.

Juzi alifika binti kutoka Mnazi, mtoto mkononi.

"Shikamoo Bibi. Hapa ndipo kwa Mzee Shabani?"

"Marahaba mwanangu. Ndipo. Nani kakuelekeza?"

"Watu wanasema kuna mtoto alikatwa hapa, jioni ile ile akaomba makande."

"Mimi ndiye mama yake. Kaa kwanza nikusimulie ya jogoo."

"Usimsikilize huyo, mwongo!" Shabani akapiga kelele kutoka ndani, na ile chupa ikaanza kulia.

Nikapandisha sauti.