Treni Isiyoandikwa Ubaoni

Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwafunga vijana wetu kambini, treni ya abiria ilisimama Ruiru mara chache sana. Nyingine zote zilikuwa za kubeba kahawa na mkonge. Ya abiria ikitarajiwa, karani wa stesheni aliiandika kwa chaki kwenye ubao mweusi kando ya dirisha la tikiti. Na kwa kuwa wengi wetu hatukujua kusoma, alitutangazia pia kwa mdomo, sisi wanawake tuliokuja kuteka maji kwenye tangi la reli. Sisi ndio tuliosambaza habari mashambani.

Mama hakukosa hata moja. Kaka yangu alikamatwa Thika akitoka kazini, na hakuna aliyetuambia alikopelekwa. Mama aliamini kwamba akiachiliwa atarudi kwa treni.

Siku moja mchana nilikuwa naye pale tangini. Ubao ulikuwa mtupu. Tukasikia honi upande wa Thika. Karani akatoka mbio.

"Rudini nyuma! Hii haisimami!"

Ilipita polepole. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa waya, na nyuma ya waya niliona vidole, vidole tu, bila nyuso. Kisha sauti ya kijana ikaita, "Maitu!" kama sisi Wakikuyu tunavyowaita mama zetu.

Mama akaangusha debe, akakimbia kando ya reli. "Niko hapa! Niko hapa, mwanangu!" Behewa la mwisho likampita. Nilimkuta ameketi kwenye kokoto.

"Ni yeye," akasema. "Ameniona."

Tulipomuuliza karani, alijibu bila kututazama, "Leo hakuna treni iliyopita, mama."

Kaka alirudi baada ya miaka, amekonda, meno ya mbele hana. Mama alipomkumbusha siku ile, alishangaa.

"Mimi sikupanda treni, Maitu. Walinipeleka kambini kwa lori, na kwa lori wakanirudisha."

Mama aliendelea kumenya viazi kidogo, kisha akaweka kisu chini. "Basi nilimwitikia mtoto wa nani?"

Tangu hapo, treni ikiandikwa ubaoni, bado alikwenda. Aliwauliza wanawake waliotoka Thika kama kuna aliyepotelewa na kijana. Walikuwa wengi. Aliwaambia wote kwamba kijana alipoita, aliitikiwa.