Disketi Iliyokwenda Beni

Katika mtaa wa Vulamba, mjini Butembo, watu walimjua Jokébed Kavuo kwanza kama binti ya Kakule Luc, fundi wa taperesi. Tangu enzi za Zaïre mzee huyo alikuwa akitengeneza mashini hizo za kuandikia za misheni na za shule, na binti akimsafishia herufi kwa mswaki na petroli. Halafu wafanyabiashara wakaanza kurudi kutoka Dubai na ordinateri, yaani kompyuta, na taperesi zikaacha kuletwa. Kakule hakutaka kuzigusa zile ordinateri. Alisema hazina kitu cha kushika. Jokébed akazichukua yeye, akazipanga upande wa pili wa meza ileile.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na grupu la jirani, ile jenereta ya umeme, lilizungushwa alasiri tu, kwa sababu mafuta yalikuwa ya shida. Mashini zilizimika ghafla, zikaharibika ndani, na dawa ilikuwa moja: kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Lakini diski ambazo wateja walizileta zilikuwa karibu zote za mise à jour, zile za kupandisha mfumo wa zamani uwe mpya. Diski ya namna hiyo haikubali mashini tupu. Inataka kwanza kuona alama za mfumo wa zamani. Ukiisha kuituliza, inaanza maswali: jina lako nani, uko nchi gani, saa ngapi sasa, klavye yako, ile kibodi, ni ya Kifaransa au ya nini. Mtu lazima akae mbele yake, ajibu, abonyeze, angoje, ajibu tena. Grupu lilipozimwa, Jokébed alikuwa amemaliza mashini moja, na nyingine zote zilikuwa zikingoja kesho.

Ndani ya diski moja alikuta maelezo ya Kiingereza ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyafungua. Aliyasoma kwa kamusi, polepole, mvua zote za msimu ule. Yalisema kwamba majibu yanaweza kuandikwa mapema katika faili ndogo, na mashini ikajijibu yenyewe. Jokébed akaanza kuandika. Alikosea, akafuta, akaandika tena, akijaribu kwenye mashini yake kuukuu iliyokosa kifuniko. Mwisho akapata disketi moja iliyofanya kazi yote kwa mpango: kuweka kando alama za mfumo wa zamani, kusafisha mashini, kuzirudisha zile alama mahali pake, kuiamsha diski ya mteja, na kujibu kila swali hadi mwisho. Mtu aliombwa kitu kimoja tu, namba ya diski yake mwenyewe.

Mashini ya kwanza ya mteja ilikuwa ya pasta Ananie. Ilitoka safi kabisa. Safi mno, kwa sababu nyimbo za Kinande ambazo pasta alikuwa amezipiga humo kwa ajili ya kwaya zilifutika pamoja na ugonjwa. Pasta hakugomba. Jokébed alibeba mashini ile mpaka kanisani, akawaomba akina mama wa kwaya waimbe, na yeye akapiga maneno yote upya, ubeti kwa ubeti. Aliporudi akaongeza swali moja katika disketi yake, kwa Swahili ya nyumbani, herufi kubwa: ULISHATUNZA BITU BYAKO? Ukijibu hapana, disketi inasimama na kukuonyesha namna ya kuvitunza kwanza.

Kuanzia hapo mashini zilitengenezwa kadhaa kwa pamoja. Edmond, muuza mabati, alipofika siku moja akamkuta ametega sahani mapajani, anaambua maharagi, na skrini zinajigeuza zenyewe ukutani.

“Mama Jokébed, nilikuletea mashini, lakini weye uko unatoa maharagi?”

“Kazi nilishaifanya, Papa Edmond. Sasa njo yenyewe inatumika kazi.”

Edmond alivuta kiti akaangalia mpaka mwisho, mikono kifuani. Kakule, upande wake wa meza, aliiacha taperesi aliyokuwa akiifungua, akaangalia naye.

Mwaka uliofuata barabara ya Beni ilikatika. Mapigano yalikuwa njiani, magari yakasimama. Wakati huohuo, huko Beni, mashini ya shule ndogo ya wakunga ilikufa, na mkuu wake, Anne-Marie, aliomba kwa phonie, ile redio ya kuzungumzia mbali, fundi wa Butembo aje. Diski ya mise à jour alikuwa nayo. Fundi huyo, Jokébed, hakuweza kwenda. Lakini Léa, mama muuza mawese, alikuwa bado akipita kwa njia za mashamba pamoja na wenye baiskeli. Jokébed alimpa nakala ya disketi. Léa akaitia katikati ya Biblia yake, ndani ya kitambaa, maana kwenye bariyeri, vizuizi vya njiani, askari wangeweza kuuliza hiki ni kitu gani, na yeye asingejua kuwajibu.

Léa alipofika salama, wakapatana saa ya phonie. Jokébed alikwenda kwenye nyumba ya phonie ya parokia na baba yake akamfuata bila kuitwa. Watu waliongoja zamu wakawapisha. Huko Beni phonie na ordinateri vilikuwa kwenye meza moja, vinakula umeme wa grupu moja.

Anne-Marie alisema ameingiza disketi, na kuna swali la herufi kubwa.

“Umejibu nini, Mama?”

“Nilijibu hapana. Mitihani ya banafunzi bote iko mule ndani.”

“Ni vizuri. Fuata vile inakuambia. Mimi niko hapa.”

Anne-Marie alitunza mitihani yake, akaanza tena, akaandika namba. Kisha ikabaki kungoja. Kila mara alirudi hewani akaeleza anachokiona: mstari unasogea, skrini imezimika, skrini imerudi. Mara mbili aliuliza kama abonyeze kitu, na mara mbili Jokébed akamwambia aache mikono yake mapajani. Mwisho Anne-Marie akasema, “Ngoja usikie,” akasogeza mikrofoni kwenye kipaza sauti cha mashini. Katikati ya mikwaruzo ya hewa ukaja muziki ule mfupi ambao mashini hupiga inapoamka. Ulisikika chumba kizima, Butembo, kutoka upande wa pili wa mapigano.

Wa kwanza kuongea alikuwa Kakule. Aliwageukia watu wa foleni, ambao hawakuwa wameuliza kitu, akawaambia, “Ile njo mutoto wangu aliiandika. Yeye mwenyewe, na mikono yake.”

Kabla vita havijaisha, nakala za disketi ile zilikuwa zimefika hadi Kayna, kusini mwa Butembo, na Anne-Marie alikuwa akiwawekea mfumo jirani zake wa Beni. Kwenye kila nakala Jokébed alibandika karatasi ndogo yenye jina lake, iliyopigwa kwa taperesi. Kakule ndiye aliyezipiga, na hakukubali mtu mwingine azipige.