Kadi ya Pili

Alipoinama kupita mlangoni nilimjua kabla hajavua kofia. Nilikuwa nyuma ya kaunta nikikata picha za pasipoti. Mkasi ulinianguka. Sitajifanya shujaa hapa: nilishtuka hadi nikasahau kumkaribisha, mimi ambaye hata mtu anayekuja kuuliza njia namvutia kiti.

Huyu alikuwa mlinzi wa mkubwa mmoja wa hapa Juba, na miezi mitano kabla ya siku hiyo ndiye aliyenisimamia uwanjani Gudele akaniamuru nifute picha.

Niseme ilivyokuwa. Mimi ni Mkenya, studio yangu iko mtaa wa Hai Malakal, na kazi yangu ni siasa na starehe, vyote kwa mpigo, kwa sababu hapa havitenganishwi. Mkubwa akitaka watu, haiti watu. Anaita mwanamuziki. Watu wanakuja kucheza, na wakishajaa, hotuba inawakuta hapo hapo. Nimepiga picha za hotuba nyingi kuliko nywele zangu, na sijaona hata siku moja mtu akija kuulizia picha ya mkubwa, isipokuwa mkubwa mwenyewe. Wanaouliziwa ni waimbaji, wapiga mieleka, mabibi harusi.

Siku hiyo ya Gudele wakubwa waliletewa makochi, kama kawaida. Makochi ya ngozi kabisa, yametolewa sebuleni mwa mtu yakapangwa vumbini, na mbele yake kimeza cha maji ya chupa na boksi la tishu. Sisi wengine tuliletewa jua. Mkubwa alichelewa, tukamngoja tukaiva. Alipofika akaketi, muziki ukafunguliwa, wachezaji wakaanza kuruka mbele ya kochi lake, na mzee wa watu akalala. Si kusinzia kwa adabu, la! Kichwa nyuma, mdomo wazi, mkono umeangukia tishu. Sasa mimi ningefanya nini? Nikapiga.

Mlinzi akanifikia kabla sijashusha kamera.

"Madam, leta nione."

Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, cha mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Kakuma akasoma shule za huko. Akaitazama skrini kwa muda, tena muda mrefu. Kibali nilikuwa nacho, kimejaa mihuri, lakini hakuna muhuri wa kumpiga mkubwa amelala.

"Futa," akasema.

Nikafuta mbele ya macho yake.

"Khalas, basi. Nenda ukanywe maji."

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Kamera yangu ina nafasi mbili za kadi, na kila picha huandikwa kwenye kadi zote mbili. Ukifuta, inafutika kwenye moja tu. Ile ya pili niliichomoa chooni nikaitia ndani ya soksi, na nilipofika studio ikaingia kwenye mkebe wa majani chai, nyuma ya pazia, pamoja na wenzake. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Nakubali kila ninachoambiwa, nasema ndiyo afande, nafuta, naomba radhi, halafu soksi. Mkebe huo ukionekana, mimi narudishwa Kenya na nguo za mwilini, na hapo niwe na bahati.

Basi ndiye huyo sasa, amekaa mbele yangu na shati la kitenge.

"Madam, unanikumbuka?"

"Sikukumbuki," nikasema, na mkasi bado uko sakafuni.

"Ile picha ya Gudele. Naitaka."

Mungu wangu! Nikaona mkebe, nikaona uwanja wa ndege, nikaona mama yangu akiniuliza nimerudi na nini. Na mimi nikiogopa hugeuka mkali, ni ugonjwa wa kwetu.

"Uliniambia nifute, nikafuta. Ulikuwa umesimama hapo hapo! Mnanitakia nini nyinyi watu? Leo futa, kesho leta, mimi ni mchawi?"

Hakukasirika. Hilo lilinishtua zaidi.

"Yule aliyekuwa anaruka mbele ya kochi," akasema, "ni mdogo wangu."

"Sawa. Msalimie."

"Tumemzika."

Akaniambia aligongwa na lori, yeye kijana akiwa juu ya boda. Simu yake ilisagika na picha zote. Nyumbani imebaki ya kitambulisho peke yake, na mama yao haitaki hata kuiona, anasema huyo aliyenuna si mtoto wake. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo siku ya maombi, na mama alitaka picha ya kuweka mezani, mwanawe akiwa anacheza.

"Kwani siku ile hukumwona kwenye picha?"

"Nilimwona yeye kwanza."

"Na ukaniambia nifute?"

"Malesh, samahani, madam. Mzee alikuwa amefungua mdomo."

Akaangalia mikono yake. Mimi nilikuwa nahangaika na jambo jingine la aibu zaidi: kijana gani? Picha ile nilikuwa nimeitazama mara nyingi. Nilikuwa nimewaonyesha marafiki wawili tukacheka hadi machozi. Nilikuwa hata nimeikata upande mmoja ili mdomo wa mkubwa ujae vizuri. Sikukumbuka kijana yeyote. Haki ya Mungu, hata mmoja.

Na inaweza kuwa mtego. Hawa watu husomeshwa kusema uongo kwa sauti ya upole. Nikimpa, nimejitia kitanzi. Nikimnyima, na ikiwa ni kweli, mama wa watu anakaa mbele ya meza tupu na mimi nina mwanawe kwenye majani chai.

"Alikuwa amevaa nini?" nikauliza.

"Jezi ya njano. Filimbi mdomoni. Kamba ya kiatu imefunguka, huyo hakujua kufunga viatu tangu utoto."

Nilisema naenda kutafuta maji ya kunywa. Nyuma ya pazia nikafungua mkebe, nikaitia kadi kwenye kompyuta, nikaifungua picha nzima, ile ambayo haijakatwa.

Alikuwepo. Njano. Filimbi. Miguu yote miwili iko hewani, amepanda juu kuliko mgongo wa kochi, na kamba ya kiatu imesimama kando yake. Anacheka na filimbi mdomoni. Picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule, na mimi ndiye niliyeikata nikabakiza mtu aliyelala! Nilijishika mdomo nisipige kelele.

Nikaichapisha kubwa. Safari hii niliyemkata ni mkubwa.

Nilipomwekea mbele yake sikusema imetoka wapi, naye hakuuliza. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, mabega yakamtetemeka. Nilisimama nikingoja. Niliwaza, sasa atainuka, sasa ataniambia fungua hilo pazia. Akainuka kweli.

Akaenda akaketi kwenye kile kistuli cha kupigia picha, mbele ya kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji, akajifuta uso kwa kofia.

"Na mimi nipige."

"Ya pasipoti?"

"Hapana. Ya kawaida tu."

Nikampiga. Nilimwambia atabasamu, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, na hapo ndipo nilipoona wanafanana. Nikamwambia arudi Jumatatu aichukue.

Alikuwa ameshafika mlangoni, picha ya mdogo wake kifuani.

"Sitaichukua, madam," akasema. "Iweke pale ulipomweka yeye."