Mita Skwea Kumi na Mbili kwa Siku

Mama hakugoma kwa kelele. Jumapili ile alirudi kutoka ibadani, akavua viatu vya kanisani, akaenda moja kwa moja shambani na kuanza kupanga mawe. Shule niliyokuwa nikifundisha fizikia ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilimkuta ameinama kwenye jua la saa nane, jiwe mkononi. Nikadhani anatengeneza matuta, nikamuuliza kwa nini hangoji jua lipoe. Akaokota jiwe jingine, akalipanga mbele ya lile la kwanza.

Kanisa letu la Matinyani lilikuwa limetafuta maji miaka nenda miaka rudi. Mashine ya kuchimba ilipopatikana, mahali palipoonekana pana maji palikuwa kwenye kona ya shamba la mama. Aliitoa kona hiyo bila maneno mengi. Shimo likachimbwa, maji yakavutwa mchana na usiku ili yapimwe, na Jumapili hiyo ofisa wa maji, kijana kutoka upande wa Murang'a, akasimama mbele ya waumini kutoa matokeo. Alisema pahali hapa ni pazuri sana, ni mita skwea kumi na mbili kwa siku. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga.

Usimcheke. Miaka michache kabla ya hapo, watu wa kupima mashamba walikuwa wamepita kwetu na minyororo yao, na kila mtu, hata asiyejua kusoma, alibaki akijua kwamba mita skwea ni ardhi. Maji sisi tuliyajua kwa debe na kwa mtungi. Sasa mtu anasimama kanisani anatangaza skwea kumi na mbili, tena kwa siku. Mama alielewa kwamba kila siku kipande cha hatua tatu kwa nne kitatoka shambani mwake kiende kwa maji ya kanisa, na kesho yake kingine, na keshokutwa kingine. Kila jiwe lilikuwa siku. Alikuwa akiyapanga kutoka shimoni kupanda juu, kuelekea mahali tulipomzika baba.

"Mahindi hayatakomaa kabla hawajamfikia babako," aliniambia kwa Kikamba, lugha tuliyozungumza nyumbani.

Ofisa angerudi Alhamisi kusikia kauli ya mwisho ya mwenye shamba kabla pampu haijaletwa. Mama akikataa mbele ya wazee wa kanisa, pampu ingepelekwa kwingine, na wanawake wa kwetu wangeendelea kupanda na kushuka mtoni na mitungi mgongoni. Mama alilijua hilo vizuri, maana naye alikuwa mmoja wao.

"Mwaitu, hiyo si ardhi," nikamwambia. Mwaitu ndivyo tunavyowaita mama zetu.

"Ni nini basi?"

Hapo nikakwama. Katika vitabu vyote nilivyofundishia hapakuwa na kitu chochote kinachopimwa kwa mita skwea kwa siku. Nilikasirika, kwanza na ofisa aliyetupa namba kama anayewatupia kuku mahindi, halafu na mimi mwenyewe. Wanafunzi wangu niliwaambia kila muhula wasiogope kitu wasichokijua jina, watazame yuniti zake, wataliona umbo lake. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa na chaki mkononi. Sasa ilikuwa zamu yangu, na aliyekuwa mbele yangu hakuwa mtoto wa kidato cha pili anayetaka alama.

Nikakaa kwenye kivuli cha ghala na kijiti, nikaandika mavumbini. Maji yana urefu, upana na kina, kwa hiyo ni mita mara tatu. Maji ya siku moja ni mita hizo tatu kwa siku. Lakini skwea ya ofisa ina mita mbili tu, urefu na upana. Kwa hiyo kuna mita moja iliyogawanywa ikatoka. Mpaka hapo nilifurahi. Kisha nikajiuliza ni mita ya nini, na furaha ikaisha. Yuniti zilinionyesha kwamba mita imetoka, hazikuniambia imetoka wapi.

Jumatatu jioni nilimsindikiza mama mtoni. Mto ulikuwa mkavu kama kawaida ya miezi ile, mchanga mtupu, na maji yetu tuliyapata kwa kuchimba kisima mchangani na kungoja yajikusanye. Yalikuja polepole mno. Nikaanza kuchimba chini zaidi, mama akanikata jicho.

"Huku chini ni mwamba. Panua huo upande wa juu, ndiko yanakotoka."

Nikapanua. Ukuta wa mchanga uliokuwa na upana wa hatua moja ukawa wa hatua mbili, na mtungi ukajaa kwa nusu ya muda. Nilibaki nimeshika kibuyu nikicheka peke yangu, mama akaniuliza kama nimeshikwa na homa.

Nilimweleza palepale. Ukuta wa hatua moja unatoa maji fulani kwa siku. Wa hatua mbili unatoa mara mbili. Ukiyagawanya maji kwa upana wa ukuta, jibu ni lilelile, uchimbe kisima kidogo au kikubwa. Namba hiyo ni tabia ya mchanga wenyewe, jinsi unavyopitisha maji. Ya ofisa ni tabia ya mwamba ulio chini ya shamba letu, na haichukui hata ukucha wa ardhi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alijua visima vya mchangani kuliko mimi, kwa hiyo hakuna alichobisha. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na yule kijana, ndivyo alivyomaanisha?"

Nikasema ndiyo. Hesabu ilikubali, mchanga ulikubali, lakini yule kijana sikuwa nimemuuliza. Kama nilikuwa nimejidanganya, ningekuwa nimemshawishi mama mzazi akubali kwa mdomo wake mwenyewe shamba liliwe hadi kaburini. Siku zilizobaki sikula vizuri.

Alhamisi ofisa alipofika kanisani na pikipiki yake, sikungoja hata avue kofia. Nilimuuliza mbele ya mama na wazee wote kama ile skwea ni maji ya siku moja kwa kila mita ya upana.

"Eeh, mwalimu, ni hiyo tu," akasema. "Iko na mambo ya mteremko pia, lakini hiyo ni mita kwa mita, zinakatana. Kwani mlifikiria ni nini?"

Nilishusha pumzi mpaka mzee mmoja akanigeukia. Nikatafuta benchi, nikakaa. Mama alisimama, akawaambia wazee kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba walete pampu.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi nikipiga domo njia nzima kwa furaha. Nikamwambia alinitia hofu, kwamba nilidhani atawanyima watu maji.

"Nani alikuambia nitawanyima?" akasema. "Nilikuwa nimeamua kuwapa tangu Jumapili. Nilikuwa natafuta tu maneno ya kuwaomba wakifika kwa babako wazunguke."